Tone la Gundi

Erie, 11 Juni 2019

Kaka Russ,

Salaam. Mimi mzima, paka wangu mzima. Natumai nawe u mzima, maana Baba hana mtu mwingine wa kumwondolea theluji mlangoni. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nilikufungia simu siku ya mazishi ya Mama, na sijabadili nia. Ulisimama mbele ya akina mama wa kanisa, wameshika sahani zao za kabichi na tambi, ukasema nimekuja kumzika Mama "kama mteja". Miaka mitatu sasa, na bado inaniuma.

Lakini hii ni habari ya Baba. Alinipigia Jumapili. Oktoba hii itakuwa mara yake ya hamsini kwenye shindano la klabu, na ile bunduki yake ya mti wa jozi, ratili saba, hawezi tena kuimudu. "Trudy, nahesabu mpaka nne tu, mikono inashuka." Kanuni unaijua: mtu asimame kwa miguu yake, anyanyue mwenyewe, apige risasi tano kwenye karata ya ree, asiegemee kitu, asishikwe na mtu. Apate akose, jina linaandikwa ubaoni. La mara ya hamsini linaandikwa kwa rangi nyekundu. Baba anaitaka hiyo rangi nyekundu kuliko dawa zake zote.

Basi mimi nitamtengenezea kitako cha plastiki na mtutu mwembamba. Nina miaka ishirini na miwili kiwandani namimina plastiki kwenye kalibu, kazi naijua. Kwako nataka vipimo vya bodi ya bunduki yake, kile chuma cha kati kinachoshika mtutu na kitako. Vipimo tu, maoni yako baki nayo.

Dada yako,
Trudy

Hemlock Run, 20 Juni 2019

Mdogo wangu Trudy,

Barua nimeipata. Huku wazima, mvua imetuchosha, Mzee anakohoa asubuhi halafu ananyamaza. Pole na paka.

Plastiki! Plastiki ni ya vijiko vya pikniki, unakula saladi ya viazi kisha unatupa. Bunduki ni chuma, na chuma kikizidi uzito ni alumini. Mzee mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwenye karakana hii hii, wewe ukiwa umekalia ndoo, au huko mjini wamekufuta kichwa?

Na umechelewa. Nimeshamtengenezea: bodi ya alumini, kitako cha alumini kimetobolewa matundu kama jibini, jumla ratili nne na robo tatu. Skrubu zake hazitalegea hata mjukuu wangu azeeke. Jumanne aliinyanyua, akahesabu mpaka kumi na moja.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, Trudy. Mimi niko hapa dakika tano, namwona kila siku. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii ili usije kunitangaza kuwa nimekunyima. Cheza navyo.

Kaka yako,
Russ

Erie, 3 Julai 2019

Kaka,

Hujambo. Mimi sijambo, ila barua yako nusura inipandishe presha.

Kumi na moja? Risasi tano utazipigaje kwa hesabu ya kumi na moja? Na wewe unayemwona kila siku, umewahi kumshika mkono? Vidole vya Baba vinageuka vyeupe akishika kopo la bia baridi tu. Oktoba saa mbili asubuhi nyasi zenu zina barafu, na wewe unataka aweke shavu na vidole kwenye alumini! Dakika tano kwa gari, na hujui mikono ya baba yako. Nyani haoni kundule.

Sanduku nimelituma kwa Baba, si kwako. Ratili tatu na nusu. Wewe usiliguse. Na kwa kuwa nakujua, fundi wa kukaza kila kitu mpaka kilie, sikia: skrubu mbili za kitako zinakazwa kwa bisibisi fupi na vidole, basi. Na ile gundi yenu ya buluu ya kuzuia skrubu kulegea isikaribie plastiki yangu hata tone. Niliichagua kwa wepesi, na gundi hiyo inaila polepole, wiki kadhaa, kisha inapasuka. Weka hilo kichwani kama bado kuna nafasi.

Dada yako, sikuchagua mimi,
Trudy

Hemlock Run, 2 Agosti 2019

Trudy,

Sote wazima. Joto kali, mahindi ya jirani yamefika kifuani.

Barua yako niliisoma mara moja nikaitupa kwenye droo ya keekee. Umesema nisiguse, sikugusa. Mzee alilifungua sanduku lake mwenyewe mezani jikoni na kuiunga bunduki mwenyewe. Mimi nilisimama mlangoni mikono mfukoni, kama ulivyoamuru.

Haya furahi: alihesabu mpaka thelathini. Anaiita Kijiko. Aliinyanyua tena na tena, akacheka. Tangu Mama afariki sijamsikia akicheka hivyo. Ile ya kwangu imesimama nyuma ya mlango wa karakana, na hakuna aliyeiulizia.

Ila niliona kitako kinavyopinda akikikumbatia. Nimeona kwa macho yangu. Usije kusema hukuambiwa.

Kaka yako,
Russ

Hemlock Run, 10 Septemba 2019

Mdogo wangu mpenzi,

U hali gani? Mimi leo mzima kuliko siku zote.

Kijiko kimevunjika. Nyufa zimezunguka skrubu zote mbili, bodi inacheza kama jino la mtoto, na risasi zinakwenda zinakotaka. Nakutumia kipande kwenye bahasha hii ukione kwa macho, wewe bingwa wa kalibu. Mzee ameilaza bunduki mezani na kuifunika kwa taulo la vyombo.

Ile ya alumini bado ipo nyuma ya mlango.

Kaka yako aliyekuambia,
Russ

Erie, 14 Septemba 2019

Russ,

Sikuulizi hali yako.

Kipande nimekiangalia kwa lenzi kiwandani. Ndani ya ufa kuna rangi ya buluu. Buluu, Russ! Niliandika kwa mkono wangu, hata tone! Ulipoona Baba amehesabu thelathini wivu ukakula ini, ukaingia na kichupa chako. Umemnyang'anya Baba mara yake ya hamsini ili ushinde ubishi na mimi. Halafu unaniita mpenzi.

Ulikuwa mbaya siku ya mazishi. Sasa umepita hapo. Usiniandikie tena.

Trudy

Hemlock Run, 19 Septemba 2019

Trudy,

Naandika hivyo hivyo. Choma ukitaka, lakini soma kwanza.

Sikufanya. Naapa kwa kaburi la Mama. Nilipoisoma barua yako nilikwenda kwa Mzee moja kwa moja, nimekasirika, nikamuuliza nani aliyetia gundi. Akanitazama kama mjinga. "Mimi, nani mwingine? Skrubu isiyo na tone ni skrubu iliyokwisha dondoka. Sikuwafundisha hivyo?" Akasema ilimchukua nusu saa, kichupa amekibana katikati ya magoti. Matone mawili. "Kila kitu kwenye bunduki ile kimefanywa na Trudy," akasema. "Nilitaka niwe na changu hata kimoja."

Kisha akauliza, "Kwani kuna nini?" Nikamjibu, "Hakuna kitu, Baba. Plastiki ilikuwa mbovu tu."

Onyo lako lilikuwa kwenye droo yangu. Sikumwambia. Ulisema nisiguse, nikasema basi sitagusa hata kwa ulimi, tuone. Hilo ni kosa langu na nalibeba. Lakini na wewe, binti msomi, kwa nini neno muhimu kama hilo uliliweka katikati ya matusi yako kwangu badala ya kuliweka ndani ya sanduku la Baba? Ulikuwa na haraka ya kunitukana mimi.

Sasa sikiliza. Unamjua. Alipogonga lile geti mwaka juzi, mkwaruzo tu, alining'iniza funguo za gari ukutani na hajazigusa tena mpaka leo. Akijua ni matone yake yaliyovunja bunduki hii, hatashika skrubu tena, na klabu hatakanyaga. Zimebaki siku kumi na sita. Ya kwangu ameijaribu jana asubuhi: vidole vikawa vyeupe kabla ya risasi ya pili. Ulisema kweli. Nimeiandika mara moja na sirudii.

Ukitaka haki yako, niambie, nitamweleza ukweli. Ni jina lako na ni kazi yako.

Russ

Erie, 24 Septemba 2019

Russ,

Mimi mzima. Nawe uwe mzima mpaka tarehe tano Oktoba, baada ya hapo shauri yako.

Nimempigia Baba. Nimemwambia nilikosea mchanganyiko, plastiki ikatoka dhaifu, kosa ni langu. Miaka ishirini na miwili, Russ, sijawahi kutoa kitu kibovu kwenye kalibu yangu. Akanipa pole kama ya mtoto aliyefeli mtihani. "Usilie, Trudy, hata kaka yako ameharibu vyuma vingi." Sikuwa nalia. Nilianza alipokata simu.

Sanduku jipya linakuja kwako safari hii. Kitako kile kile, ila matundu ya skrubu nimeyapanua. Wewe kereza vibomba viwili vya alumini, vipimo viko ndani, uvibane humo kabla hujampelekea Baba. Skrubu ipite ndani ya alumini, tone likae ndani ya alumini, plastiki isiguswe. Shavu na vidole vyake vibaki kwangu.

Kisha mpe kichupa. Atie matone mwenyewe.

Usidhani tumepatana. Ni vibomba viwili tu.

Trudy

Hemlock Run, 6 Oktoba 2019

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Mzee mzima, amelala mpaka saa tatu, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Jana kulikuwa na barafu kwenye nyasi, kama ulivyosema. Alitoka bila glavu. Alisimama peke yake pale kwenye mstari, watu kama sitini nyuma yake wameshika kahawa. Alinyanyua. Mbili za kwanza zilikwenda kwenye mlima. Ya tatu ilikata pembe ya karata. Ya nne sijui. Kabla ya ya tano aliishusha, akapumua muda mrefu, mimi nikaanza kusonga, na mwamuzi akanizuia kwa mkono kifuani. Akanyanyua tena, akafyatua. Jina limeandikwa saa hiyo hiyo. Nyekundu.

Kisha wakamzunguka kumuuliza habari za bunduki. Akasema kwa sauti, watu wote wanasikia: "Binti yangu alinitengenezea ya plastiki ikapasuka kama sahani. Ndipo Russ akaiokoa kwa alumini." Wakacheka sana. Mmoja akanipiga begani.

Trudy, maneno hayo nimeyasubiri tangu ulipopata kazi mjini na Mzee akakata picha yako gazetini na kuibandika karakanani, juu ya mashine yangu. Yamekuja, mbele ya watu wote, na nikanyamaza. Nilinyamaza kwa ajili yake, lakini nusu nilinyamaza kwa ajili yangu. Nimeona aibu, sikulala vizuri. Siku ya mazishi nilisema vile kwa sababu Mzee alikuwa amekaa dirishani anakungoja wewe tu tangu asubuhi, na mimi nilikuwa ndani ya chumba kile kile.

Karata naiweka humu. Hiyo ni pembe yake.

Kaka yako,
Russ

Erie, 12 Oktoba 2019

Kaka,

Mimi mzima. Paka mzima.

Niliposoma ya sahani nilirusha kikombe. Waache wacheke. Lakini wewe, ukifika hapo karakanani, jua kwamba kitako hakikupasuka kwa ubovu wa kazi yangu, na kila ukimwona Baba ameishika, ulijue hilo peke yako. Adhabu hiyo inakutosha, na ya kwangu nayo inanitosha.

Karata nimeibandika juu ya kalibu yangu.

Gundi isimwishie. Kichupa kikikauka nunua kingine, ukiache pale anapofikia.

Nimekufungulia simu. Usipige.

Dada yako,
Trudy