Kibakuli cha Papa Bado Kinatazama Juu

Kadutu, Bukavu
Jumapili, tarehe 8 Februari

Maman mpendwa,

Safari hii nitakuambia yote, hata lile Tantine alilokuwa amenikataza kusema. Kwanza, umeamkaje? Mgongo umepona, au bado unainama kwenye mpunga tangu alfajiri? Mimi ni mzima na masomo yanaenda vizuri, ila mvua inateremsha matope hadi mlangoni.

Ni habari ya kibakuli cha mti cha Papa. Tantine amenieleza historia yake. Babu alikichonga Papa alipoachishwa ziwa, kama alivyowachongea watoto wake wote, hata Tantine. Papa alikula humo uji, kisha maharage, na hakuna mwingine aliyewahi kula humo. Mwenyewe akisafiri, kinakaa wazi na kila jioni anawekewa tonge la bugali. Akifa, kinapinduliwa, wala hakigeuzwi tena.

Tangu Papa aende kwenye machimbo ya dhahabu, mimi nikiwa bado mgongoni, kinatazama juu. Sasa Tantine na ndugu zake wameamua kukipindua Jumamosi ijayo na kufanya matanga. Wamechoka kungoja habari. Mimi sijachoka.

Jana asubuhi nilikuta tonge limemegwa. Nusu yake ilibaki, na alama za vidole. Mlango ulikuwa bado na komeo.

"Ni panya," Tantine alisema bila kugeuka.

"Tantine, panya iko na kidole gumba?"

"Weye mutoto, masomo inakuharibu! Basi ni weye ulikula."

Niliweka vidole vyangu vya kuume katika zile alama, havikukaa. Nikajaribu vya kushoto. Vikakaa, kila kimoja mahali pake, ila alama zilikuwa pana kuliko vidole vyangu. Hapa sote tunakula kwa kuume. Tantine aliponiona alikaa chini, akafunika uso kwa kitenge.

Mimi nilifurahi. Nikamwambia, "Unaona? Papa iko muzima, alikuya kula!"

Akajibu polepole, "Muzima anakulaka kule eko. Hapitake mu mulango yenye kufungwa."

Leo asubuhi kibakuli kilikuwa kitupu, na kitako chake kina joto, kama kimetoka mapajani mwa mtu. Tantine hataji tena panya. Nilimuuliza Papa alikuwa akila kwa mkono gani. Akasema, "Uliza maman yako, yeye njo alikula naye." Lakini amekubali kungoja jibu lako kabla ya kukipindua. Ukisema kuume, basi aliyeingia ni mwizi tu, na Papa tutaendelea kumngoja.

Nisalimie bibi yangu Koko anayepepeta mpunga, tonton, ndugu yako anayetunza mifereji, na dada mkubwa pamoja na mtoto wake. Mama mchuuzi wa mchele aliyekuletea barua hii anarudi Bukavu Alhamisi. Mpe jibu, hata neno moja.

Maman, ulipokuwa ukila na Papa, yeye alishika tonge kwa mkono gani?

Binti yako anayekuwaza,
Nsimire