Sabuni ya Kuvuka Mpaka

Kasulu, 3 Juni 2025

Mama mpendwa,

Mwakeye, umeamkaje? Sasa hivi Anania kasimama mwenyewe, kashika stuli, kaiachia, akacheka kabla hajaanguka. Hajambo, nami sijambo, sijui kifua chako huko Kagerankanda.

Mama, kiwandani tumesimamishwa. Watu wa mazingira wamekuta maji ya sabuni yanamwagwa mtoni. Wamesema bila kuchimba mabwawa ya kuyachuja hakuna kibali, na bila kibali sabuni haivuki kwenda Burundi. Malori yamelala. Bosi anasema akichimba bei itapanda, na Warundi wameshaanza kununua ya kwingine. Sisi tunaofunga maboksi tunashinda getini tu, kukaa hatukai, kuondoka hatuondoki.

Watakuja kuwauliza ninyi mnaotumia mto. Mkisema maji hayana neno, tutapata kibali cha muda. Mama yangu, useme hayana neno.

Mwanao, Divine

Kagerankanda, 14 Juni

Mama Anania,

Tupo, kifua kinanisumbua asubuhi tu. Mjukuu msimkimbize, atatembea.

Nilikuficha jambo, maana mshahara wako ndio umetuezekea nyumba. Tangu masika, mihogo tunayoloweka mtoni inatoka na utelezi, na ugali wake unanuka kama nguo zilizofuliwa. Mikono inatuchubuka. Chemchemi ya juu ni mbali, miguu yangu haifiki. Jirani yangu Jeanne ananitania: “Pelagia, unakula sabuni ya mwanao, angalau utakufa msafi.” Tulicheka, halafu tukaisuuza mihogo upya.

Wageni wanakuja Ijumaa. Kila mwanamke atasema kwa kinywa chake. Usihangaike mwanangu, nimekusikia.

Mama yako

Kasulu, 23 Juni

Mama,

Shikamoo. Salamu nyingine nitaleta mwenyewe, barua yako imenifikia jana na usiku sikulala. Ijumaa imeshapita, sijui ulisema nini. Kama hukusema kitu, nashukuru. Kama ulisema hayana neno, rudi kwa mwenyekiti wa kijiji useme la kweli, siku hiyohiyo barua hii ikikufikia. Bosi achimbe mabwawa. Warundi watarudi, sabuni yetu wanaipenda, mimi naamini hivyo. Na mihogo usiloweke hapo tena, nitakuja nikubebee hadi chemchemi, Anania mgongoni.

Siti, mwenzangu wa kiwandani, ananiita dirishani, anasema, “Mama Anania, toka, kibali kimepatikana. Malori ya Burundi yanapakiwa, ukichelewa nafasi yako anapewa mwingine.”

Kumbe ulisema hayana neno, mama.

Anagonga tena. Nilitaka tu ujue kwamba hata wakifungua, mimi…