Maoni Yangu kwa Kesi ya Nelima

Jumatatu, 2 Juni
Nimeamka saa kumi na moja. Nepi, uji, halafu sare za shule. Nashona kwa mkono. Cherehani yangu iliuzwa Webuye na Nelima, dadake mume wangu. Nilimpa chumba hapa Matisi ajifungulie kwangu. Mtoto wake kufika miezi mitatu, akaniibia. Amekubali kosa kortini. Yuko nje kwa dhamana, kwa mamake Bungoma. Hukumu ni wiki ijayo. Nina hasira. Nimechoka pia.

Jumatano, 4 Juni
Mama mkwe amepiga simu.
"Ondoa hiyo kesi, mama. Nelima ni damu yetu. Ya nyumbani tunamaliza na kuku."
Siondoi. Akasema nina moyo wa jiwe. Nimelia nikimnyonyesha Faith wangu. Lakini siondoi. Mwaka jana Nelima alimwibia binamu yake, wakachinja kuku, wakala, ati yameisha. Hayakuisha.

Alhamisi, 5 Juni
Afisa wa probesheni amekuja. Mama mpole, viatu matope tupu. Anamwandikia hakimu ripoti, anataka maoni yangu. Nikasema afungwe, aonje. Akaandika. Kisha akauliza nataka jela ifanye nini: inilipizie, iwatishe wengine, ama imbadilishe Nelima? Sikuwa nimewahi kuona hayo ni mambo tofauti.
"Yote," nikasema.
Akacheka. "Yote hatuna, Mama Faith."
Akaniambia mtoto anayenyonya huingia jela na mamake. Sikujua. Haki sikujua.

Jumapili, 8 Juni
Mahubiri hayakuniingia. Nilimwangalia Faith wangu akilala. Mtoto wa Nelima hana kosa. Nelima ana kosa. Yote mawili ni kweli.

Jumatatu, 9 Juni
Nimempigia afisa abadilishe maoni yangu. Asifungwe. Asiachiliwe bure pia. Afanye kazi mahali watu wanamwona, jioni alale na mtoto wake. Na aniombe msamaha yeye mwenyewe, si mamake.
Hakimu anaweza kukataa.

Jumanne, 10 Juni
Korti ya Kitale. Mama mkwe amekuja na kuku mzima ndani ya mfuko, ati anikabidhi mbele ya hakimu tumalize. Kuku akapiga kelele.
"Nyanya," askari akauliza, "huyu naye ameshtakiwa nini?"
Watu wakacheka. Hata mimi.
Hakimu akasoma ripoti polepole. Kifungo cha nje, miezi sita, kazi kwa ofisi ya chifu huko kwao. Mama mkwe hakunisalimia. Amerudi Bungoma na kuku wake.

Ijumaa, 20 Juni
Nimeenda Bungoma. Nelima alikuwa anafyeka nyasi kwa chifu, jua kali, wapita njia wakimtazama. Mtoto kwa leso, kivulini. Nikaketi hapo nikimfukuzia nzi. Nelima aliniona, akaendelea kufyeka.
Saa sita akaja. Mikono malengelenge.
"Nilikukosea, Mama Faith."
Basi. Hakuongeza "lakini".
Sikumwambia nimemsamehe, maana bado. Nilimpa mtoto amnyonyeshe. Tukamsikia akimeza.