Zuhura Hana Pepo

Shikamoo mama,

Mdogo wangu Zuhura hana pepo wala hajarogwa. Nilipofika hapa Dodoma nilimkuta wodini, amefungwa kitandani kwa khanga zake mwenyewe, akiwafokea watu tusiowaona. Miezi minane mumewe amemzungusha kwa waganga! Daktari alitazama wekundu wa mashavu na vidole vilivyovimba, akampima damu. "Ni ugonjwa uitwao lupasi," akaniambia. "Kinga za mwili wake zimemgeuka, zinashambulia hadi ubongo."

Shemeji akanong'ona, "Nani angejua?"

"Alikwambia viungo vinamuuma, ukamwita mvivu!" nikamjibu.

Leo, wiki ya tatu ya dawa, Zuhura ametaja jina langu na kuomba zabibu za Makutupora. Shemeji nimemwambia asubiri nje mpaka aitwe na mkewe. Hajaitwa.

Kula vizuri, mama yangu.

Mwanaidi