Mshale Wenye Alama ya Mwenyewe

Mtaa wa Tena, Nairobi

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Goti linasemaje tangu mvua ianze? Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira, na kwa kuwa simu huisikii vizuri, nimeona nikuandikie.

Mama ameniambia kanisa limekunyima uzee tena, eti mzee wa kanisa hawezi kuwa mtu aliyefungwa kwa ujangili. Digidigi mmoja, Baba, mwaka wa njaa, na walioila nyama yenyewe ni sisi watoto.

Sasa sikia ya huku. Ijumaa ofisini walimnunulia mkurugenzi wetu keki. Juu yake wameandika kwa sukari: "Poacher". Ni lile lile neno la Kiingereza la jangili alilokusomea hakimu. Nikamuuliza Wafula, tunayekaa naye meza moja, kulikoni. Akasema siku hizi poacher ni bosi anayenyakua wafanyakazi hodari wa kampuni nyingine, na ni sifa. Wafula ni mtu wa vitabu. Anasema huenda neno lilitoka kwa Wafaransa, kutia kitu mfukoni, kisha Waingereza wakambandika nalo maskini aliyebeba sungura wa bwana shamba. Likavuka bahari likakukuta wewe. Leo limevaa tai.

Mkurugenzi akanipa kisu nikate. Nikamwambia, "Baba yangu alifungwa kwa neno hili."

"Kumbe iko kwa damu!" akasema. "Basi kufikia Jumatatu niletee yule rafiki yako Nduku. Ama utafute kazi kwingine."

Wakacheka wote. Nikaweka kisu mezani.

Nduku hataki kuhama kampuni yake. Wale ndio waliomsomesha kazi. Nikakumbuka ulivyonionyesha alama uliyochonga kwenye mishale yako, kabla askari hawajaibeba. Ulisema mnyama akianguka na mshale wa mtu, hata mkiwa na njaa hamgusi, mnamwita mwenyewe. Anayegusa ni mwizi. Huku anakatiwa keki.

Jumatatu sikumpeleka Nduku. Kazi imeisha, Baba. Nimeanza kumsaidia mama mmoja kuuza nguo sokoni Muthurwa, kwa hivyo msilale na wasiwasi.

Nisalimie Mama, shangazi mfuga mbuzi, na kaka yangu fundi. Hata wazee wa kanisa wasalimie. Kisha waulize ni nani kati yao amewahi kukuona ukigusa nyama yenye mshale wa mtu.

Ni mimi binti yako,
Mwende