Makala za Marehemu Babu Omar

Kwa mama yangu, Bi Mboja,
Vitongoji.

Shikamoo Mama. Assalaam alaykum wewe na wote waliokaa hapo barazani wakati dada Time anakusomea. Goti linasemaje? Mimi kuno ugenini mzima, ila baridi imenizoea kabla mimi sijaizoea.

Nasikia mtaani kumeenea kwamba kaka Shaame kakamatwa kwa kuiba jina la babu. Si kweli. Nakueleza mimi, maana akieleza mwenyewe hutofahamu. Yeye ni daktari wa utafiti.

Unajua kazi yangu ni kurudisha vitabu kwenye rafu, katika maktaba ya chuo hichi hichi anachofanyia yeye. Hapo nimejifunza mengi bila ya kufundishwa. Kuno msomi akiandika makala lazima aseme elimu kaipata kwa nani, kama masheikh wetu wanavyosema fulani kapokea kwa fulani. Basi iko kompyuta inayohesabu kila msomi katajwa mara ngapi. Kwetu mtu akitajwa sana, ujue kaharibu. Kuno hupandishwa cheo.

Mkataba wa kaka ulikuwa unakwisha. Kamati ikisema hatajwi vya kutosha, anafunga virago, na utafiti wake wote wa kichocho unabaki kuliwa na vumbi. Akawa hali chakula. Nikamtafuta kwenye hiyo kompyuta kwa jina la Daktari Faki, kama wanavyomwita hapa. Makala chache, na katajwa mara chache za kuonewa huruma. Lakini chini yake nikamwona mtu mwengine, Omar, naye wa kichocho, naye wa Pemba, anatajwa dunia nzima.

Nikamkimbilia. "Kaka, babu kakushinda."

"Babu gani?"

"Babu Omar. Kafa zamani, na bado anaandika kuhusu kichocho."

Kumbe kuno jina la mwisho ndilo linalohesabiwa. Makala alizoandika kama Shaame Faki, kompyuta imempa baba. Alizoandika kama Shaame Faki Omar, imempa babu. Shaame, aliyezitolea jasho, hana hata moja.

Tukawaandikia wenye kompyuta. Wakajibu: leteni uthibitisho kwamba Faki na Omar ni mtu mmoja. Kaka akashika kichwa. Mimi nikampigia Time, Time akaenda kwa sheha wetu wa mtaa. Ikaja barua ina mhuri mkubwa, nikaitafsiri mwenyewe. Sheha kaandika hivi: "Shaame Faki Omar ni mtu mmoja tu, namjua tangu hajaota meno. Baba yake Faki alikuwa mkwezi wa minazi. Babu yake, marehemu Mzee Omar, hakupata kuandika chochote. Hata ndoa zake alitia dole gumba. Kama kuna makala, si zake."

Wakaridhika. Lakini kompyuta ilipoanza kuunganisha majina, ikamzoa na Faki mwengine wa nchi nyengine, bingwa wa meno ya ngamia. Ghafla kaka anatajwa maradufu.

"Waache ngamia mpaka kamati ipite," nikamwambia.

"Kombo, mimi meno ya ngamia nimeyaona wapi?"

"Na babu hadubini kaiona wapi? Mbona alikaa kimya?"

"Babu ni maiti, Kombo!"

Akawatoa ngamia wote, siku mbili tu kabla ya kamati. Hesabu ikashuka mpaka ukingoni. Nikamshauri aanze kufunga mizigo. Akaenda kuswali.

Siku ya kamati nilipanga upya rafu iliyo jirani na mlango wao, mara tatu. Nikamsikia mwenyekiti, bibi mmoja mkavu, anasoma kwa sauti tafsiri yangu ya barua ya sheha, iliyotiwa kwenye faili la kaka. Alipofika kwenye dole gumba akacheka, Mama, kicheko cha mtu aliyekiweka akiba tangu utotoni. Halafu akauliza, "Na hawa ngamia?"

"Kawatoa mwenyewe," mmoja akajibu. "Hakuna aliyemwambia."

Kaka alipotoka, nikamdaka mlangoni.

"Vipi?"

"Wamenipa mkataba."

Tukakumbatiana pale pale, mpaka wasomaji wakatukemea.

Sasa, lililonifanya niandike nisipige simu ni hili. Time, hapa shusha sauti. Kazi aliyopewa kaka inaanzia Vitongoji. Baada ya mfungo anakuja kupima kichocho nyumba hadi nyumba, na anataka kuanza na nyumba yetu ili majirani wasione haya. Atakuja na begi la vichupa vitupu. Kimoja kishaandikwa jina lako, Mama. Nilimwambia mkojo wa mama yako umuombe mwenyewe. Akasema yeye ni mkubwa, kazi za aibu ni za mdogo. Basi nimeomba. Jibu umpe yeye akifika. Mimi sitaki kulijua.

Nisalimie mume wa Time, mjomba wa kule Jadida, na shangazi wa kule Madungu, umwambie sijakonda, ni picha tu. Mungu akuweke, akupe na moyo wa kutusamehe sote wawili.

Mwanao wa mwisho, niliyeandika nimeinamisha uso,
Kombo