Ubavu Uchi wa Mtaa wa Cardell

Dublin, 3 Oktoba 1963

Mwanangu Dympna,
Hujambo huko Coventry? Sisi tunajikokota. Kifua kinambana baba yako, ila mdomo wake mzima. Wamebomoa nyumba ya jirani. Unajua nyumba zetu hizi zilivyojengwa, safu nzima bega kwa bega, ukuta mmoja nyumba mbili. Sasa ubavu wetu uko uchi. Ukisimama barabarani unayaona meko ya akina Brannigan yananing'inia ukutani, ghorofa juu ya ghorofa, na karatasi yao ya ukutani yenye maua inapepea. Watu wa jiji wametuegemezea magogo ukuta usianguke. Baba yako anasema, "Mabwana wa zamani walicheza dansi chumbani humu. Nyumba haitashindwa na mzee anayekohoa."
Mama yako

Coventry, Uingereza, 11 Oktoba

Mama mpendwa,
Salamu nyingi kwako na kwa Baba. Mimi mzima, kiwandani kazi tele. Hayo magogo yananinyima usingizi. Nyumba zile zinashikana. Ukiondoa moja, ya pili inatafuta pa kulala. Wakiwapa mahali, hamieni tafadhali.
Mwanao Dympna

Dublin, 2 Novemba

Dympna,
Salamu zimefika, na soksi ulizotuma baba yako amezivaa. Ufa umepanda hadi darini, umeyakata yale mapambo ya matunda ya plasta katikati, makombo yanaanguka kitandani. Madirisha marefu ya mbele hayafungi tena. Jana alikuja mtu wa jiji. "Mama utapata chumba Finglas, pembeni mwa jiji. Mzee aende hospitali ya wazee."
Baba yako akamuuliza, "Na mke wangu nitamwona lini, kijana?"
"Jumapili."
"Basi ondoka na Jumapili yako!"
Wapangaji wote wamehama. Nimekataa. Tangu niolewe sijalala mbali naye.
Mama yako

Coventry, 9 Novemba

Mama,
Hamjambo? Mimi sijambo, ila moyo hautulii. Kuonana Jumapili ni afadhali kuliko kufukiwa. Usinikasirikie: nimempigia simu Padri Cogan wa parokia yenu azungumze na watu wa jiji.
Mwanao Dympna

Finglas, 1 Desemba

Dympna,
Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima.
Padri alikuja na wanaume na machela. Baba yako alikamata mkono wa ngazi, ikabidi wambandue kidole kimoja kimoja. Mlangoni, chini ya kile kioo cha nusu duara, akanitazama. "Attracta, ni wewe uliyewaita?"
Nikasema ni mimi. Sikutaka akuchukie.
Hakunisemesha tena. Alifariki hospitalini Ijumaa, kabla ya siku ya kuona wagonjwa. Tulimzika jana, simu ya kukuita sikuweza kuipiga.
Nyumba haikuanguka. Wanaifunga vyuma, nasikia itakuwa ofisi.
Krismasi usije. Chumba walichonipa ni cha mtu mmoja.
Mama yako